Mwimbaji Niliyemzika Hewani

Mtu aliyepiga simu asubuhi ile hakusalimia.

Ilikuwa Jumamosi, nami nilikuwa hewani kwenye redio moja ndogo ya Gitega, katika kipindi cha kila siku cha muziki wa zamani ambacho wasikilizaji wanakijua kwa jina la Siku Kama ya Leo. Kazi yangu ni kuchukua tarehe ya siku hiyo na kutafuta mambo ya muziki yaliyotokea tarehe hiyohiyo katika miaka iliyopita. Bendi fulani ya ng'ambo ya ziwa ilipanda jukwaani mara ya kwanza. Mwimbaji fulani alizaliwa, mwingine akafariki. Santuri fulani ilitoka na watu wakaicheza mpaka ikakwaruzika. Nayasimulia hayo kwa Kiswahili, napiga nyimbo, halafu nafungua simu. Watu hupenda kusikia kwamba tarehe waliyofunga ndoa, au waliyorudi kutoka Tanzania, ndiyo tarehe ambayo mtu mwingine mahali pengine alishika gitaa akafanya jambo lililokumbukwa.

Asubuhi ile nilikuwa nimefika sehemu ya mwisho, sehemu ambayo kila mwaka tarehe hiyo huwa ni yangu mwenyewe.

"Na siku kama ya leo," nilisema, "Muyinga ilimpoteza mwimbaji wake."

Sikusema kwamba mwimbaji huyo alikuwa baba yangu. Sikuwahi kulisema hilo hewani, wala kwa wenzangu pale redioni. Bila kutaja jina, nilisema tu kwamba aliimba katika bendi ya vijana waliokuwa wakipiga kwenye harusi na mabaa kabla ya vita, na kwamba wimbo wake mmoja umebaki kwenye kaseti. Kisha nikampa ishara fundi wa mitambo, naye akaupiga. Ni wimbo wa mwanamume anayembembeleza mke wake arudi kutoka kwao alikokimbilia kwa hasira. Sauti yake ni nyembamba kidogo, ya juu, na kila anapofika mwisho wa mstari huivuta kama mtu asiyetaka kuondoka mlangoni. Niliujua wimbo ule kabla sijajua kusoma.

Ulipokwisha nikafungua simu.

"Uko hewani, karibu."

"Dada, we ni nani unanizikaka kila mwaka?"

Nilidhani nimesikia vibaya. "Samahani, nazungumza na nani?"

"Jina sitaji kwa redio. Mi niko muzima. Niko Muyinga, nakunywa chai. Ile sauti iko yangu, na we kila mwaka unasema mwenye sauti alikufa. Wajukuu wananiangalia kama maiti. Wacha, dada. Wacha kabisa."

Akakata.

Mtangazaji hatakiwi kunyamaza. Tunafundishwa hivyo siku ya kwanza: hata paa likianguka, sema kitu. Mimi nilinyamaza. Nilimwona fundi nyuma ya kioo akinipungia mkono, akinyoosha kidole kwenye kipaza sauti, mwishowe akaingiza wimbo mwingine bila kuniuliza.

Kwa nini nilishikwa namna ile, lazima nieleze. Baba hatukumzika. Vita ilipoanza wazazi wangu walikimbia kutoka Muyinga kuvuka mpaka, mimi nikiwa mgongoni mwa mama. Bibi, mama yake baba, alipotezana nasi njiani. Tulipofika kambini upande wa Tanzania, baba alikaa kidogo, akashindwa kukaa, akarudi kumtafuta. Bibi akafika kambini kwa njia nyingine, na majirani, baada ya baba kuondoka. Baba hakufika. Watu waliokuja baadaye walisema ameuawa, lakini kila mmoja alisema amesikia kwa mwingine. Nilikua nikijua tarehe ya kifo chake kwa sababu mama aliishika: kila mwaka siku hiyo hakulima, alivaa nguo safi, alikwenda kusali. Na nilikua nikijua sauti yake kwa sababu ya kaseti. Mama aliibeba ndani ya fungu la nguo zangu. Jirani yetu kambini alikuwa na redio ya kaseti, na betri zikiisha tulizianika juani zipate nguvu tena. Niliposhindwa kulala, mama alikwenda kuomba wimbo ule upigwe.

Kwa hiyo mtu alipopiga simu na kusema sauti ile ni yake na kwamba yuko hai Muyinga, akili yangu haikwenda mbali kutafuta maana.

Mkurugenzi alinikuta kwenye ngazi. Yeye hakujua lolote kuhusu baba. Alikuwa amesikia kipindi akiwa kwenye gari na amekuja moja kwa moja.

"Bon, niambie. Tumemtangaza mtu aliye hai kuwa amekufa?"

"Sijui bado."

"Mwaka huu tu, au na miaka mingine?"

"Na miaka mingine."

Alishika paji la uso. "Huyo akienda kwa mwanasheria tumekwisha. Mtafute, yamalize naye, Jumamosi ijayo, wasikilizaji wale wale wakiwepo, usahihishe. La sivyo kipindi nakitoa. Nasema kweli."

Namba ya mpigaji ilikuwa imebaki kwenye simu ya studio. Nilipiga nikiwa nimesimama uani. Ilikuwa imezimwa. Nikapiga tena nikiwa juu ya pikipiki nikielekea Giheta kwa mama, dereva akinigombeza kwamba nitaanguka. Bado ilikuwa imezimwa.

Mama anaishi Giheta tangu tuliporudi nchini. Kiwanja cha Muyinga hakikupatikana tena. Hiki cha Giheta kilikuwa cha kaka yake. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka uani akichambua maharage kwenye ungo. Alikuwa amevaa nguo zake safi, kwa sababu ya tarehe. Redio yake ndogo ilikuwa pembeni yake, imezimwa.

"Umesikia?" nilimuuliza.

"Nimesikia."

Sisi nyumbani tunazungumza Kirundi, na kwa Kirundi mama ana namna ya kujibu kwa neno moja na kulifunga kama mtu anayefunga mlango. Nilikaa chini bila kukaribishwa.

"Mama, ni yeye?"

"Nani?"

"Usinifanyie hivyo. Ni baba?"

Aliendelea kutupa maharage mabovu pembeni. "Baba yako angekuwa hai angenitafuta mimi. Asingetafuta redio."

"Labda hakujua tuko wapi. Labda amesikia wimbo tu. Labda yeye ndiye aliyeambiwa sisi tulikufa."

"Huyo si baba yako."

"Unajuaje? Sauti ni ile, Mama. Nimeisikia. Imezeeka lakini ni ile ile."

Hapo mikono yake ilisimama. Nilimwona akiutazama ungo kana kwamba umemwuliza kitu. Nilisubiri aseme, akasema jambo ambalo sikulitegemea.

"Usiende Muyinga."

"Kwa nini?"

"Utaumia bure."

Nilikasirika. Nilimwambia mambo ambayo binti hamwambii mama yake: kwamba anaogopa, kwamba amezoea kuwa mjane, kwamba mtu akifufuka atamharibia sala zake. Aliinuka, akachukua ungo, akaingia ndani. Nilikaa pale uani peke yangu mpaka simu ikalia mfukoni.

Ilikuwa namba ile.

"We ni dada wa redio?"

"Ndiyo, mzee. Ni mimi."

"Nimeona umeniita mara nyingi. Sikutaka kukusemea vibaya mbele ya watu. Lakini nilichoka." Alipumua. Nilibana simu sikioni mpaka sikio likauma. "Ukitaka tuongee, njoo. Duka langu iko karibu na soko, la vitenge, uliza tu Hadji wa vitenge. Njoo peke yako, na usilete mashine ya kurekodi."

"Nitakuja kesho."

"Njoo," alisema. Hakuniuliza mimi ni nani, nami sikumwambia.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, siku ambayo mwenzangu hukishika kipindi, na mafuta yalikuwa yameadimika nchi nzima. Pale stendi ya Gitega magari yalikuwa yamejipanga bila madereva. Nilizunguka mpaka nikampata mtu mmoja mwenye taksi aliyekuwa na madumu yake ya siri, anakwenda Muyinga kwa kupitia Karuzi kuchukua mgonjwa. Alinikubali kwa sharti kwamba nisimwambie mtu barabarani kwamba nimelipa. Njia nzima nilikuwa nikiutunga uso wa baba kichwani. Sina picha ya baba. Hatukuwahi kuwa nayo. Nilichokuwa nacho ni maneno ya mama na ya bibi. Kwamba alikuwa mfupi, mfupi hata kuliko mama, na kwamba gitaa lake lilikuwa refu hivi kwamba wenzake walimtania kwamba gitaa ndilo linalompiga yeye. Kwamba alikuwa na pua yangu. Nilikuwa nikijigusa pua ndani ya gari la watu.

Nilikuwa pia nikipanga nitakachosema. Nikimwita baba, na kama hanijui? Na kama ana mke na watoto, na hao wajukuu anaowasema, nitakuwa nani mbele yao? Na mama je? Kila swali lilizaa lingine, mpaka tukafika na dereva akanitikisa bega.

Duka lake lilikuwa kubwa kuliko nilivyotegemea, vitenge vimening'inizwa mpaka barazani, mizigo mingine imefungwa bado kama ilivyotoka Tanzania. Mama mmoja mtu mzima, mwenye mtandio mweupe, alikuwa mlangoni. Nilimsalimia nikasema nimetoka Gitega, redioni.

Alinitazama vizuri. "Karibu, mwanangu. Iko ndani anakungoja. Hakulala." Akanipeleka kwa mlango wa nyuma wa duka, kwenye sebule yenye makochi na zulia, na pazia la dirisha limeshushwa.

Mzee alikuwa ameketi, kofia kichwani, miwani mkononi. Nilimtazama pua. Ilikuwa pua ya mtu yeyote. Nikamtazama macho, mikono, masikio. Nilikuwa nimezama kutafuta kiasi kwamba sikusikia alivyoniitikia salamu.

Kisha akainuka kunipa mkono.

Alikuwa mrefu. Aliinuka na kuendelea kuinuka, mpaka nikalazimika kukitazama kichwa chake kwa kuinua changu. Hakuna mtu anayekuwa mrefu uzeeni. Nilimpa mkono wangu nikahisi kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo.

"Keti," alisema. "Umechoka?"

"Wewe si yeye," nilisema.

"Mi si nani?"

Kitu kilichonijia baada ya pale hakikuwa huzuni, kilikuwa hasira. Niliona mbele yangu mfanyabiashara ambaye ameamua kumnyang'anya marehemu kitu pekee alichoacha. Sijui alitaka nini nacho, sifa au mzaha au jambo la kuwaonyesha wajukuu, na sikujali.

"Mzee, umesema kwenye redio kwamba sauti ile ni yako. Basi imba."

"Hapa kwangu?"

"Hapa."

"Mwanangu, mi niliacha. Tangu miaka mingi. Watoto wangu hawajawahi kunisikia nikiimba, na wajukuu wanajua tu ile ya kaseti. Nilienda Maka, nimerudi, nikaweka ile mambo nyuma." Alimtazama mkewe aliyesimama mlangoni, kama anayetaka msaada. "Si ni kutosha nikikwambia?"

"Haitoshi. Umenifanya ninyamaze hewani. Mkurugenzi wangu anataka kufunga kipindi. Imba mstari mmoja, nikijua ni wewe nitaondoka niombe radhi mbele ya nchi nzima. Na kama si wewe, nitalisema hilo vilevile."

Kutoka dukani nilisikia mteja akiuliza bei na mtu akimjibu. Mkewe ndiye aliyetangulia kusema. "Muimbie," alisema. "Si umeona anatetemeka?" Akafunga mlango wa kwenda dukani, akaketi kwenye mkono wa kochi.

Mzee alivua kofia, akaiweka magotini. Alisafisha koo. Akaimba kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa, ubeti ule wa kwanza ambapo mwanamume anasema amepika mwenyewe na chakula kimeungua. Sauti ilikuwa na nyufa. Palipotakiwa kupanda ilipanda nusu. Lakini alipofika mwisho wa mstari aliivuta, pale pale, kwa kiasi kile kile, na nywele za mikono yangu zikasimama zote. Hakuna mtu anayeweza kuiga kile. Mvuto ule ndio ulionilaza usingizi utoto wangu wote.

Alipofika ubeti wa pili nilikuwa nalia, naye akakatiza.

"Sasa niambie," alisema taratibu. "We ni mtoto wa nani?"

Nikamwambia. Nilitaja jina la baba na la mama, na kambi tuliyokaa, na kaseti. Kabla sijamaliza alikuwa ameshika mdomo.

"Wa besi," alisema. "We ni wa yule wa besi! Ule mtoto alikuwa mgongoni pa mama yake." Alimgeukia mkewe. "Ni mtoto wake. Yule mfupi." Kisha akanirudia mimi. "Mwanangu, baba yako hakuimbaka. Alikuwa na sauti ya chura. Alikuwa anapiga besi, ile gitaa ya sauti ya chini, na nakwambia, kutoka hapa mpaka Ngozi hapakuwa mwenzake. Ile wimbo inatembea juu ya besi yake. We usikilize chini, usisikilize mi."

Nilimuuliza kama maneno ya wimbo yalikuwa ya baba. Nilitaka sana aseme ndiyo. Naona aliliona hilo usoni mwangu, na bado hakunidanganya. "Hapana. Maneno ni yangu. Yote."

"Na tarehe? Kwa nini alikufa tarehe ile, nani alijua?"

Alikunja uso. "Tarehe gani?"

"Ya jana. Ndiyo siku aliyokufa."

"Nani alikwambia? Ile ni siku tulirekodi." Aliinuka tena, akaanza kutembea kati ya makochi. "Tulirekodi nyuma ya baa moja, kwa stoo ya kreti, tumeweka magodoro kwa milango. Ilikuwa kiangazi, vumbi mingi, tulimwagia maji chini ili tusikohoe. Mama yako alikuwa pale. Alikuwa na mimba yako, alikuwa anacheka, tukamfukuza mara mbili sababu kicheko yake inaingia kwa kaseti. Siku ile siwezi kuisahau. Lakini siku baba yako alipita hapa kwa mara ya mwisho ilikuwa mvua. Mvua ya kweli. Alikuwa na matope mpaka kiunoni."

"Alipita hapa?"

Mkewe alisema jina lake kwa sauti ndogo, kumwonya. Lakini alikuwa ameshaanza, na mimi nilikuwa nimeshasimama.

"Keti," aliniambia. Sikuketi. Akaeleza tukiwa tumesimama wote wawili. Baba alibisha kwa mlango wa nyuma, wakati mji ulikuwa umejaa hofu na watu hawafungui. Alikuwa anamtafuta mama yake. Mzee, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa bendi tu, alimfungulia, akampa shati kavu na koti. Akamwambia mama yake ameshaondoka na majirani, amemwona kwa macho yake akienda upande wa mpaka.

"Nikamwambia, kaa. Kaa hapa mpaka mambo ipoe, hapa kwetu Waislamu hawataingia. Akasema hapana, mke anamngoja, na mtoto. Nikamshika mkono. Akautoa. Nikamshika tena." Aliutazama mkono wake mwenyewe. "Alikuwa mfupi, ningeweza kumfungia ndani. Nilikuwa na nguvu. Sikumfungia. Akatoka kwa mvua, na mi nikafunga mlango sababu nilikuwa naogopa."

"Na kisha?"

"Kisha hapana. Hapana mtu alimwona tena. Ningejua ningekwambia, hata ingekuwa kitu kibaya."

Mkewe alileta chai, na hakuna aliyeinywa. Tulikaa mpaka mwadhini akaita na mzee akaenda kuswali. Aliporudi aliniomba jambo moja tu. "Kwa redio usinitaje jina. Sema tu yuko hai. Na mwenye besi, taja."

Nilipata pikipiki mpaka Karuzi, na kutoka Karuzi lori la ndizi. Niliingia Giheta kesho yake kabla sijaenda kazini. Mama alikuwa uani, na safari hii alininyooshea kiti mwenyewe.

"Amekwambia," alisema.

"Amenionyesha. Kwa nini hukuniambia, Mama?"

Nilikuwa nimeapa njiani kwamba nitamngoja hata iwe mchana.

"Mimi sikusema hata siku moja kwamba ile ni sauti ya baba yako," alisema. "Fikiria vizuri. Wewe ndiye uliyesema. Ulikuwa umeanza tu kuongea. Kaseti ilipigwa, ukanyoosha kidole kwenye redio ya jirani ukasema, baba. Bibi yako akatoka nje kulia. Mimi ningefanya nini, nikukatalie? Nikwambie baba ni ule mlio wa chini unaofanya du, du? Usiku ule ulilala. Ulikuwa hulali tangu alipoondoka, na usiku ule ulilala."

"Nilipokua je?"

"Ulipokua ulikuwa ukijivunia. Kisha ukaingia redioni. Kila mwaka nasikia unamtaja, nasema mwaka huu nitamwambia. Nilikuwa nakaa hapa na redio, naona aibu peke yangu."

"Na tarehe?"

Alinitazama kama mtu aliyechoka kujificha. "Siku aliyokufa hakuna aliyenipa. Kila mjane kambini alikuwa na tarehe. Padri aliniuliza yangu ya kuombea misa, nikampa siku niliyoijua."

Nilitaka kuwa na hasira zaidi. Ilikuwepo, lakini haikuwa na mahali pa kukaa. Nilimwambia kuhusu mlango wa nyuma, na mvua, na shati kavu, na kwamba baba alijua kabla ya kuondoka kuwa mama yake yuko salama. Alinifanya nirudie hilo la mwisho. Halafu akaniuliza, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, "Alisema mke anamngoja? Alisema hivyo?"

"Alisema hivyo. Mke na mtoto."

Alijifunika uso kwa kitenge, na mimi nikaenda kukaa karibu naye kwenye mkeka.

Jumamosi iliyofuata mkurugenzi alikuja kusimama nyuma ya kioo pamoja na fundi. Alikuwa ameniandikia sentensi moja ya kusahihisha, fupi na ya kisheria. Niliisoma kama ilivyokuwa. Kisha nikaendelea, na nikamwona akiinua kichwa. Nilisema kwamba mwenye sauti ile yu hai na ana afya, na kwamba hataki kutajwa. Nilisema kwamba tarehe niliyoitangaza miaka yote kuwa ya kifo ilikuwa siku ya kiangazi ambayo vijana wa Muyinga walirekodi wimbo ndani ya stoo ya kreti za bia, mwanamke mjamzito akicheka nje. Nilimtaja mpiga besi. Nilisema ni baba yangu. Niliposema hivyo nikamwashiria fundi, naye akaupiga wimbo. Kwa mara ya kwanza nilisikiliza chini. Ilinichukua muda kuipata besi, kwa sababu kaseti imechoka, lakini ikiisha kukamatwa haipotei. Inatembea bila haraka, na pale sauti inapovutwa mwishoni mwa mstari yenyewe inaendelea, haimngoji mwimbaji.

Simu zilikuwa nyingi siku ile. Ya Muyinga haikuwemo. Baada ya kipindi mkewe alinipigia kwenye simu yangu akasema, "Amesikia. Ametoka kwenda msikitini, hajaongea na mtu." Kipindi hakikuondolewa.

Mama alikwenda Muyinga mwenyewe mafuta yalipopatikana. Alikataa nimsindikize. Alirudi kesho yake na kitenge kipya ndani ya mfuko, na kwa siku kadhaa hakunieleza walichoongea. Aliponieleza ilikuwa jambo moja tu: kwamba mzee alimpeleka mpaka mlango ule wa nyuma, akaufungua, akamwonyesha upande ambao baba alielekea. Ni njia ya kuteremka kwenye bonde la mpunga. Mama alisimama pale akaitazama mpaka alipotosheka, halafu akaomba maji.

Tarehe ile imefika tena tangu hapo. Kwenye kipindi nilisema kilichotokea kweli, nikapiga wimbo. Jioni nilikwenda Giheta kumuuliza mama amesikiaje. Hakusikia. Alikuwa shambani kwake bondeni tangu asubuhi na nguo zake za kazi, anamwagilia maharage, na redio alikuwa ameiacha nyumbani.